Alama ya Pesa Katikati ya Jina

Kama unasoma haya huku umesimamishwa kazi, au umeitwa mwizi na hukuiba, kaa kidogo nikusimulie. Mimi nimepita hapo. Sina elimu kubwa ya kukupa. Nina jambo moja lililonipata Pemba, ule mji wa kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 2022, na jinsi Mungu na ndugu zangu walivyonitoa. Nitalieleza tangu mwanzo, kwa sababu hofu ile hunirudia hadi leo, na nikilipanga kwa taratibu hupungua kidogo.

Mimi ni mtu wa Palma, huko huko kaskazini. Mama yangu amezaliwa Kionga, upande wa Ruvuma. Kionga walikaa Wajerumani mpaka Wareno walipoichukua mwaka 1916, na kwenye karatasi huandikwa Quionga. Sisi wenyewe tunasema Kionga. Mambo yetu mengi yako hivyo: kuna jina la nyumbani na kuna jina la karatasi. Babu alimwita Mama Fatuma. Karani wa serikali akaandika Fátima, na kijistari juu ya a ya kwanza. Saidi wa msikitini huwa Saíde kwenye kitambulisho. Mohamedi huwa Momade. Tumezoea. Ukiitwa kwa jina lolote kati ya hayo, unaitika.

Tulitoka Palma Jumatano ya tarehe 24 Machi 2021, siku mji uliposhambuliwa na waasi. Risasi zilianza alasiri. Nilimshika Mama mkono, mdogo wangu akambeba mwanangu mgongoni, tukaingia mikokoni. Simu zikakatika. Maji yakijaa tulipanda kwenye mizizi, yakitoka tulikaa kwenye matope. Mtoto hakulia. Mpaka leo sijui kwa nini hakulia. Siku zilizofuata tulitembea usiku, tukapata mashua, na Mungu akatufikisha Pemba, ufuo wa Paquitequete, pale pale walipokuwa wameshushwa ndugu zetu wa Mocímboa da Praia, Quissanga na visiwani miezi michache kabla. Mama mmoja tusiyemjua alitupa chai na mihogo. Hakutuuliza majina.

Nilikuwa najua kompyuta. Palma nilifanya kazi kwenye duka la fotokopi, nikiwachapia watu barua za maombi. Kwa hiyo shirika moja la misaada lilipotafuta mtu wa kuchapa orodha za wakimbizi wa ndani, nilichukuliwa. Kazi ilikuwa hivi. Makarani walikwenda mitaani na kambini na simu zao, wakaandika jina la kila mkuu wa kaya, alikotoka, namba ya kaya na idadi ya watu. Orodha ilitoka kwenye simu kama faili la maandishi matupu. Mimi nililifungua kwa Excel, kisha Word ilichukua kila jina na kulitia kwenye kadi. Tuliiita kuunganisha barua. Unatengeneza kadi moja yenye nafasi wazi, hapa jina, hapa namba, hapa idadi ya watu, halafu programu inashuka kwenye orodha mstari kwa mstari na kujaza yenyewe. Kadi mia kadhaa zinakuwa tayari kabla chai haijapoa. Niliipenda kazi ile. Nilijiona nimekuwa mtu tena.

Ikaja orodha ya mwisho wa Machi. Ramadhani ilikuwa mlangoni, na kadi zilitakiwa kabla ya mwezi kuandama. Unga, mchele, maharage, mafuta. Faili lilinifikia jioni, umeme ukikatika na kurudi. Nilibofya mara mbili, likafunguka. Juu kabisa majina yalikuwa mazuri: Amade, Abudo, Momade. Nilipotelemka kidogo nikaona Saíde ana herufi ngeni, A kubwa yenye kiwimbi kichwani, mahali pa í. Mocímboa nayo hivyo hivyo, MocÃmboa.

Nikajisemea ni kosa la simu. Nikafungua kisanduku cha kutafuta na kubadilisha. Tafuta Ã, weka í. Badilisha zote. Mashine ikaniambia imebadilisha mamia. Nikatazama Saíde, amerudi. Nikatazama Mocímboa, imerudi. Nikafurahi. Sikuteremka hadi chini. Nikahifadhi juu ya faili lile lile, nikaunganisha, nikachapisha, nikakata kadi kwa mkasi mpaka usiku wa manane. Mdogo wangu alinisaidia kukata. Hasomi Kireno. Aliniuliza mara moja, "Dada, hii alama hapa katikati ya jina ni nini?" Nikamjibu bila kutazama kwamba ni wino.

Haukuwa wino.

Asubuhi watu walipanga foleni kabla ya jua. Wenye majina matupu walipita. Amade alipita. Abudo alipita. Kisha akaja mzee mmoja wa Muidumbe, Mmakonde, fimbo mkononi. Jina lake la kwanza ni João, jina ambalo Msumbiji nzima inalo. Ile ã yake ilikuwa imefika kwangu imevunjika vipande viwili, Ã na £. Mimi nikakibadilisha kipande cha kwanza na kukiacha cha pili. Kwenye kadi aliandikwa Joí£o.

Karani wa mezani alitazama kadi, akatazama kitambulisho. Akasema havilingani. Mzee akampa tena, kama mtu anayedhani hakusikika. Karani akasema, baba, jina hili si lako. Kaa pembeni.

Akakaa pembeni. Wakaanza kujaa pembeni. Fátima aliandikwa Fí¡tima. Conceição aliandikwa Conceií§í£o, hata mimi sikuweza kulitamka. Na kina Saíde, ambao kadi zao zilionekana nzima, walikwama vilevile, maana makarani walipolinganisha orodha yangu na ya kwao kwa kompyuta, mashine ilisema hao si watu wale.

Kijana mmoja kwenye foleni akainua kadi ya mzee. Alikuwa amewahi kufanya kazi na wageni kwenye mradi wa gesi wa Afungi. Akasema kwa sauti, "Hii ni alama ya pesa ya Waingereza. Wameyauza majina."

Neno hilo lilikimbia. Wewe mwenyewe unajua maneno yanavyokimbia kwenye foleni ya watu wenye njaa. Watu walikuwa wamesikia hadithi nyingi za orodha kuuzwa, za wenyeji kuandikwa kama wakimbizi na wakimbizi kuachwa. Na sasa hapa kulikuwa na ushahidi, umechapishwa. Kwa nini fulani apite na fulani asipite? Nani kachapa? Wakaelekezwa kwangu. Mtu mmoja akasema, huyo katoka Palma, nani anamjua. Nyuma yake akaongeza mwingine neno ambalo kwetu halitamkwi kwa mchezo, neno la wale waliotufukuza makwetu.

Nilisimama. Miguu haikuwa yangu. Nilisikia harufu ya matope ya mikoko, mchana kweupe, katikati ya mji. Nilitafuta njia ya kukimbilia. Ukuta kulia. Watu kushoto. Mwanangu alikuwa nyumbani. Nikasema shahada kimoyomoyo.

Mzee yule wa Muidumbe akanyanyuka kwa fimbo yake. Akanijia. Nilidhani atanipiga. Akaninyooshea kadi akauliza polepole, kwa Kiswahili cha kwao cha Umakondeni, "Binti yangu, mimi sipo?"

Sikuwa na jibu.

Askari wakaja, watu wakatawanywa. Mkubwa wa ofisi alichukua funguo zangu akaniambia nikae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Nilipofika nyumbani nilikuta gunia letu tupu limekunjwa mlangoni. Hapo ndipo nilipojua kwamba Mama naye alikuwa kwenye foleni, upande wa wanawake, na hakuniambia. Alikuwa Fí¡tima. Walimrudisha.

Nilikaa chini nikalia. Mama alikuwa anachambua kisamvu. Akasema, bila kuinua macho, "Kionga baba aliniita Fatuma nikaitika. Karani akaniandika Fátima nikaitika. Leo mashine imenipa la tatu. Nitaitika tu, ilimradi unga uje." Kisha akaniambia nikatawadhe, adhuhuri imefika.

Usiku ule sikulala. Kila pikipiki iliyopita nilihisi inakuja kwangu. Nilifikiri kurudi. Lakini kurudi wapi? Palma watu wengi walikuwa hawajarudi. Ndugu, kama uko mahali hapo sasa, ambapo mbele hakuna njia na nyuma hakuna nyumba, nakwambia kwamba mimi sikutoka kwa nguvu zangu. Mama alikesha na tasbihi yake. Mdogo wangu akauza kitenge chake akanunua salio la simu, akanitupia simu mapajani. "Mpigie kaka wa Mtwara," akasema. "Yeye anajua mashine."

Kaka yangu ni mtoto wa mama mkubwa. Ana kibanda cha steshenari Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma, anachapa mialiko ya harusi na vyeti vya semina. Nilimweleza huku nalia. Hakuniuliza nani kanituhumu. Aliuliza swali moja: "Lile faili ulilifunguaje? Ulilibofya mara mbili?"

Nikasema ndiyo.

"Basi hukuiba, dada. Ulibofya tu."

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio tena. Akanisubiri. Kisha akanifundisha kama mtu anayemfundisha mtoto, nami nakufundisha wewe vilevile, maana kuna mtu mahali fulani usiku huu anatazama Ã kwenye skrini na hajui ilikotoka.

Alisema kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Jedwali la zamani la Wamarekani, la mwaka 1963, lina nafasi 128 tu, na humo hamna ã wala ç. Lugha zenye vijistari zikatengenezewa majedwali mengine, kila sehemu lake. Baadaye likaja la dunia nzima, na namna ya kuliandika iitwayo UTF-8, ambayo simu zetu hutumia. Humo a ya kawaida inachukua nafasi moja, lakini ã, á, ç, í huchukua mbili. Sasa Excel ya kompyuta yangu, faili la maandishi likibofywa tu, ililisoma kwa jedwali la zamani la Windows. Pale palipo na herufi moja ya nafasi mbili, ikaona herufi mbili. Ndiyo maana ã ikawa Ã na £, á ikawa Ã na ¡, ç ikawa Ã na §. Herufi hazikupotea. Zilisomwa kwa kamusi isiyo yake.

"Na Saíde?" nikamuuliza. "Saíde yuko sawa kwenye kadi."

"Mwambie Excel ihesabu herufi zake."

Nilikuwa na nakala ya orodha ile kwenye fleshi, na kompyuta ya kuazima kwa jirani. Saíde ana herufi tano. Mashine ikasema sita. Nywele zilinisimama. Kaka akanieleza: í inapovunjika, kipande cha pili ni kistari laini ambacho skrini yangu haikukionyesha. Mimi niliondoa kipande cha kwanza, nikaweka í yangu, na kile cha pili kikabaki kimejificha ndani ya jina. Macho yanasema mzima. Mashine inasema mwingine.

Hapo nilielewa jambo ambalo sitalisahau. Nilikuwa nimeharibu zaidi kwa kutengeneza. Baada ya kubadilisha Ã zote kuwa í, hata njia ya kurudi nilikuwa nimeifunika mwenyewe.

"Usiiguse tena hiyo," kaka akasema. "Rudi kwenye asili."

Asili ilikuwa bado kwenye simu za makarani. Asubuhi nilikwenda kwa mmoja wao, jirani yetu wa Ibo, nikasimama mlangoni kwake nikiona haya. Alikuwa mmoja wa waliokuwa mezani jana yake. Akanitazama muda. Kisha akasema, "Mama yako alirudishwa na mimi. Aliniombea dua wakati naandika jina lake pembeni." Akanitumia faili.

Tukafanya kama kaka alivyosema, yeye akiwa kwenye simu, mimi na karani kwenye kompyuta. Hatukulibofya faili. Tulifungua Excel tupu, tukaingia kwenye menyu ya Dados, tukachagua kuchukua data kutoka faili la maandishi. Kikaja kidirisha kinachouliza asili ya faili. Tukateremka mpaka 65001, ndiyo UTF-8. Kabla hata hatujakubali, majina yakabadilika mbele yetu. João. Conceição. Fátima. Karani akasema Subhanallah. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa naogopa kupumua.

Kaka hakutuachia hapo. Akatuambia tuiambie Excel kwamba safu ya namba za kaya ni maandishi, maana kwenye kadi za mwanzo namba kama 0213 zilikuwa zimegeuka 213, sifuri imeliwa. Akatuambia tutafute nafasi za uongo, zile zinazokuja na majina yaliyonakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu: zinaonekana kama nafasi ya kawaida lakini si ya kawaida. Kwenye kisanduku cha kutafuta unashika Alt na kuandika 0160 kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia, kisha unaweka nafasi ya kweli. Zilitoka nyingi. Akatuambia tuhesabu mistari, ilingane na ya asili. Tukahifadhi kama kitabu cha Excel chenyewe, si kama maandishi matupu, na Word ikachukua majina humo. Na jambo la mwisho: "Usianze kuchapisha na kina Amade. Amade hana kijistari, atakudanganya. Anza na Conceição."

Tulichapisha karatasi moja ya majina magumu. Karani akaibeba mwenyewe mpaka kwa mkubwa wa ofisi, pamoja na kadi mbovu na kitambulisho cha Mama. Mimi nilibaki nje. Niliwasikia wakizungumza. Kisha nikasikia kimya. Kisha mlango ukafunguliwa, na funguo zangu zilikuwa mkononi mwake. Hakusema samahani. Alisema, "Kadi zote zirudiwe leo." Nilizipokea kwa mikono miwili.

Mwezi uliandama tukiwa tunakata. Safari hii watu sita walikata nami, na jirani yule wa Ibo alisimama mbele ya foleni akaeleza kwa Kimwani na kwa Kiswahili kwamba hakuna jina lililouzwa, ni mashine iliyosoma vibaya. Wengine waliamini. Wengine hawakuamini mpaka waliposhika unga. Siwalaumu.

Mzee wa Muidumbe alikuja kwa zamu yake. Nilimpa kadi mimi mwenyewe. Hakuitia mfukoni. Alitoa kitambulisho, akaviweka viwili sambamba juu ya meza, akapitisha kidole herufi kwa herufi, polepole, foleni nzima ikimngoja. Alipofika kwenye ã alikigusa kile kiwimbi kwa ukucha. Akaniuliza, "Sasa nipo?"

Nikamwambia, "Upo, baba."

Akacheka, meno mawili. Akasema Mungu akubariki, akachukua mafuta yake.

Imepita miaka sasa. Wengi wamerudi Palma, wengine wako Pemba, wengine wamehama mara ya tatu. Mimi bado nachapa orodha. Sitakudanganya kwamba hofu imekwisha. Kijana akipandisha sauti kwenye foleni, mikono yangu hulowa. Kadi zikitoka kwenye printa, tumbo hunikaza. Lakini nimejifunza kutobadilisha kitu nisichokijua chanzo chake, na kutoandika juu ya asili. Na nimejifunza kuuliza mapema. Kama ningempigia kaka jioni ile ya kwanza, kabla ya kubofya badilisha zote, mzee wa watu asingelala na njaa. Aibu ya kuuliza ilinigharimu siku tatu. Yeye ilimgharimu chakula.

Kaka hunitania kwamba tungejiandika kwa Kiswahili chetu, Saidi na Fatuma, bila vijistari, mashine ingetupitisha salama hata kwa jedwali lile la zamani la Wamarekani. Namjibu asijisifu, hata ng'ombe wake akiandikwa ana kialama, nacho kikija kutoka kwenye Word kimepinda huvunjika vipande vitatu. Tunacheka. Lakini kitambulisho ni kitambulisho, na mtu ana haki ya kuitwa kama kilivyoandikwa.

Basi wewe uliye hapo nilipokuwa, uswali, umpigie ndugu simu, urudi kwenye asili. Usijitengeneze kwa haraka usiku peke yako.

Mimi kila nikifungua orodha mpya, kabla ya yote namtafuta Mama. Naandika herufi zake kwenye kisanduku, nangoja. Akitokea na kijistari chake juu ya a, nasema Alhamdulillahi, ndipo nabofya chapisha.